Bwana Asifiwe, Punda Amerudi

Ushuhuda katika makanisa ya Ukambani hauanzi na maono. Huanza na usingizi. Mtu husimama, huitengeneza leso begani, husema "Bwana asifiwe," hujibiwa "Amina," kisha humshukuru Mungu kwamba alilala na akaamka. Ndipo zije habari zenyewe: karo ya muhula imepatikana, homa ya mtoto imeshuka, mume amepiga simu kutoka Mombasa, ndovu walipita shambani usiku wakayaacha mahindi (hapa sauti hushuka kidogo, maana jirani aliyeliwa yake naye yumo kanisani). Jumapili moja pale Mtito Andei mama mmoja wa makamo alisimama akasema punda wake aliyepotea amerudi. Akasema tena Bwana asifiwe, akaketi. Hakutaja aya yoyote ya Biblia wala hakutoa funzo. Vijana wa kwaya wakacheka chini kwa chini.

Kicheko hicho ndicho kilichonishikisha kalamu.

Kwanza tumalize habari ya punda. Katika nyanda hizi maji hayamfuati mtu nyumbani, mtu ndiye huyafuata. Punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji. Akikosekana, mzigo huo huhamia mgongoni mwa mama, mtungi mmoja kwa safari moja, kamba ikimkaza kwenye paji la uso. Tena punda wa Kenya amepitia miaka mibaya. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa kwa leseni, mojawapo likiwa Machakos, na ngozi zikawa zinasafirishwa hadi China kuchemshiwa dawa iitwayo ejiao. Wezi wakaanza kuingia vijijini usiku, na wenye mifugo wakawa wanakuta mabaki porini asubuhi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mwaka uliofuata mahakama ikaitengua marufuku hiyo. Mtu akikwambia katika mazingira hayo kwamba punda amerudi, amekwambia kwamba shingo yake imepona, binti yake ataenda shule Jumatatu badala ya kwenda mtoni, na wiki hii chakula kitapikwa kwa wakati. Mungu wa mama yule anajua hesabu ya mitungi.

Sisi tulio wepesi wa kucheka tumezoea kuutafuta uwepo wa Mungu mahali penye kishindo. Bango hubandikwa ukutani, hema hupandishwa, spika hupangwa hadi usawa wa paa, na mhubiri mgeni huahidi kwamba usiku huu Roho atashuka. Sisemi mikesha ni mibaya. Wengi huponywa upweke pale, na hilo si dogo. Ninachotilia shaka ni mazoea tunayoondoka nayo: kudhani kwamba Mungu yupo pale mwili unaposisimka, na kwamba Jumanne ya kuosha vyombo hayupo. Mkristo wa namna hiyo huishi kwa kuvizia msisimko, na usipokuja hujiona amelaaniwa au huhamia kanisa lenye spika kubwa zaidi.

Desturi ya kusimama na kushuhudia ina historia ndefu kuliko spika hizo. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuingia Kenya mwaka 1937, uliwazoeza waumini wa kawaida kusema wenyewe, mbele ya wenzao, Mungu alichowatendea. Mkulima alisema, mpishi alisema, mke alimsema mumewe akiwa ameketi palepale. Madhehebu mengi yaliichukua desturi hiyo kila moja kwa namna yake, na ikaweka kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: ushuhuda ni habari ya wiki hii. Ukisimama kila mara na habari ya ulivyookoka miaka 30 iliyopita, wazee huanza kukohoa.

Mtito Andei ni mji wa kupitiwa. Uko karibu nusu ya safari kati ya Nairobi na Mombasa, barabara kuu imeukata katikati, na lango la Tsavo Magharibi liko hapohapo. Reli ya mkoloni ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19. Reli ya SGR ikafuata, na tangu 2017 garimoshi linalosimama kaunti kwa kaunti hushusha watu hapa, huku lile la haraka likipita bila kugeuza shingo. Riziki ya mji hutoka mifukoni mwa wasiokaa: dereva wa trela anayetaka chai na kitanda cha saa nne, abiria wa basi mwenye dakika kumi, mtalii aliyeishiwa maji ya chupa. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza mizigo ya bandarini iende bara kwa SGR, trela zikapungua barabarani na hoteli za miji kama huu zikaanza kufunga. Agizo liliondolewa Septemba 2022. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna watu waliokaa mlangoni wakihesabu malori.

Sala ya Bwana inaomba chakula cha siku moja tu. Mwenye mshahara hulitamka ombi hilo kwa heshima. Anayeuza ndizi kwenye dirisha la basi hulitamka mbiombio, maana kondakta ameshapiga bati na noti ya mia mbili bado inatafutiwa chenji.

Kuna mpishi katika moja ya hoteli za malori pale ambaye nimemtazama kazini. Saa tisa usiku anawasha jiko la makaa, anapepea kwa kipande cha katoni, anabandika sufuria ya maziwa. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, umelala majini tangu jioni. Madereva wanaingia macho mekundu, hawasalimu, wanaketi na kuegemeza paji la uso kwenye ngumi. Yeye huwasalimu kila mmoja kwa alivyo: kijana ni "mwanangu," mzee ni "baba," na taniboi aliyelala na kandambili miguuni huamshwa kwa kuguswa bega. Nilimuuliza kama huwa anapata muda wa kuomba asubuhi. "Naomba nikipepea," akasema. "Huyu akifika Mariakani salama, si tayari nimejibiwa?" Akaendelea kupepea. Nikakumbuka kwamba katika karne ya 17 kulikuwa na mtawa wa Karmeli huko Paris, Nicolas Herman, aitwaye Ndugu Lawrence, aliyefanya kazi jikoni kwa miaka mingi akafundisha kwamba Mungu yuko kati ya masufuria sawasawa na alivyo altareni. Alifariki 1691, mazungumzo na barua zake zikakusanywa na kuwa kitabu kinachosomwa hadi leo duniani kote. Mpishi wa Mtito Andei hajawahi kukisikia, na sioni kama amepungukiwa.

Twende mtoni. Mito mingi ya huku ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua hunyesha misimu miwili, ile ya Oktoba hadi Desemba ikitegemewa zaidi kuliko ya Machi hadi Mei, na baada ya mafuriko ya siku chache maji huzama chini ya mchanga yakakaa humo, yamejificha mbali na jua. Kina mama huchimba. Shimo likifika usawa wa kiuno mchanga hubadilika rangi, ukawa mweusi kidogo, na ukiushika unakaa kama ulivyoufinyanga. Maji ya kwanza ni matope; huchotwa yakamwagwa. Kisha watu hungoja. Maji huchuruzika kutoka pembeni taratibu kiasi kwamba anayeteka hujaza kikombe cha plastiki, akamimina mtungini kupitia kitambaa, akangoja tena kikombe kingine. Mtungi wa lita 20 ni vikombe vingi. Foleni ipo na zamu huheshimiwa. Mjamzito na mwenye mtoto mgongoni hutangulizwa bila mjadala, na mifugo hunyweshwa baadaye kwenye shimo lao. Jioni wa mwisho hufunika shimo kwa matawi ya miiba ili wanyama wasilivuruge, na kesho wa kwanza huyaondoa.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa chama cha Kianglikana cha CMS, aliijua kiu ya nchi hii. Alikuwa mtu wa makaburi: mwaka 1844, mara tu baada ya kufika Mombasa, alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Desemba 1849 akiwa Kitui aliuona Mlima Kenya. Akarudi Ukambani mwaka 1851, safari hii akitaka kufungua kituo cha misheni Yatta, akafuatana na Kivoi, mfanyabiashara na mkuu maarufu wa Kitui, kuelekea mto Tana. Wakashambuliwa njiani. Kivoi akauawa, msafara ukasambaratika, na Krapf akabaki peke yake porini.

Anasimulia mwenyewe, katika kitabu cha safari zake kilichotoka kwa Kijerumani 1858 na kwa Kiingereza 1860, jinsi alivyoufikia mto akanywa, kisha akajaza maji ndani ya mtutu wa bunduki na kuuziba kwa majani. Vichaka vikaving'oa vile vizibo na maji yakamwagika. Njaa nayo, katika siku hizo, ilimfanya ajaribu kula baruti pamoja na machipukizi ya mti. Alipokuwa amekaribia kukata tamaa akasikia nyani wakipiga kelele kwenye korongo. Akaifuata sauti, akakuta kishimo ambacho nyani walikuwa wamekichimba mchangani, na ndani yake mna maji. Alimshukuru Mungu palepale.

Nampenda Krapf wa kishimo cha nyani kuliko Krapf wa kamusi na sarufi. Huyu alikuja kuwaletea Wakamba habari za Mungu, watu ambao tayari walikuwa wakimwita Mulungu na Ngai, na Mungu akamnywesha kwa mikono ya nyani. Waliomfuata hawakupata njia rahisi zaidi. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifungua kituo cha kwanza Nzaui, Makueni ya leo, mwaka 1895, na Desemba 1896 akafa hukohuko. Kanisa la Africa Inland (AIC) lililoota hapo leo lina waumini kila kona ya Ukambani, nayo African Brotherhood Church, iliyoanzishwa na Wakamba wenyewe mwaka 1945, imejaa vilevile.

Katika kile kitabu cha Mwanzo alichokuwa akikitafsiri Krapf yumo Hajiri, kijakazi wa Kimisri. Amefukuzwa na kiriba cha maji, maji yamekwisha, amemlaza mtoto chini ya kichaka na kwenda kuketi mbali asimwone akifa. Mungu anasikia sauti ya mtoto. Kinachonigusa ni kwamba andiko halisemi Mungu aliumba kisima pale. Linasema alimfumbua macho Hajiri, naye akakiona. Na mapema katika kitabu hichohicho, alipokimbia mara ya kwanza, ni Hajiri huyu aliyempa Mungu jina: yule anayeona. Hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa mfanyakazi wa ndani aliyetendwa vibaya na mwajiri wake, na wako wengi waliotoka nyanda hizi kwenda Nairobi, Mombasa na nchi za Ghuba ambao wanaijua hali yake bila kufafanuliwa na mtu.

Lakini kuna maswali ambayo ushuhuda hauwezi kuyaruka. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Ndengu zilikauka zikiwa shubiri moja kutoka ardhini. Mifugo ilianguka ikielekea kunyweshwa. Watu waliomba, walifunga, walikesha, na mbingu zikakaa kimya. Kisha kuna ndovu. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu karibu ndovu 15,000 katika eneo zima la Tsavo, na ukame ukikaza, nao hutafuta chakula kama sisi, wakiangusha ua wa miti kwa paja. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Kilio cha miaka yote tangu hapo ni kwamba fidia huchelewa mno. Anayeshuhudia kwamba ndovu wamelipita shamba lake anashukuru kwa haki, lakini Mungu wake ni Mungu wa jirani pia, na jirani ameketi mstari wa nyuma akiwaza atawalisha nini watoto.

Sina jibu la kumpa jirani, na ninawaogopa wenye majibu. Yule anayemwambia kwamba imani yake ilipungua amemwongezea ndovu wa pili. Zaburi zina malalamiko mengi kuliko tunavyoimba; karibu theluthi moja ya kitabu kile ni watu wakimwuliza Mungu yuko wapi na atakawia hadi lini. Walioziweka ndani ya Biblia hawakuona aibu. Ushuhuda wa jirani siku hiyo ungeweza kuwa: Bwana asifiwe, nimelala, nimeamka, shamba limeliwa, nimekuja hata hivyo. Nimewahi kusikia wa namna hiyo mara chache, na kanisa lilinyamaza kabla ya kujibu Amina. Naamini Mungu alikuwa zaidi katika ile Amina iliyochelewa kuliko katika nyingi zinazotangulia.

Tena si kila kiu inatoka mbinguni. Magharibi ya mji unaona vilima vya Chyulu. Ni vilima vya volkano. Mvua ikinyesha huko hakuna mto unaotiririka, maji yote huzama kwenye mawe ya lava, yakasafiri chini kwa chini makumi ya kilomita na kutokeza kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, yakiwa maangavu hata unaona samaki na kiboko akitembea chini. Wahubiri wanaupenda mfano huo, na ni mzuri kweli: neema iliyozama hapa hutokea kule. Ila Mzima ina sura nyingine. Chemchemi zile hukadiriwa kutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, na tangu miaka ya 1950 bomba linapeleka sehemu ya maji hayo Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Siwalaumu watu wa Mombasa, nao mifereji yao hukauka. Lakini mtu anayenunua mtungi mmoja mmoja huku akivitazama vilima ambako mvua imenyesha ana haki ya kuuliza maswali ambayo hayajibiwi kwa mahubiri. Upendo wa Mungu ukihubiriwa bila kugusa mgawo wa maji, wenye mitungi wanaelewa haraka kwamba mhubiri anazungumza habari za mahali pengine.

Ninachokiona mimi, nikiulizwa Mungu yuko wapi Mtito Andei siku ya kazi, ni mambo yanayofanywa kwa zamu. Penye msiba majirani hulala nyumbani kwa wafiwa hadi mazishi, na kuna anayeleta kuni bila kuulizwa. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki hukutana nyumba kwa nyumba kila wiki, na aliyekosa mara mbili hutembelewa. Kina mama wa makanisa mengine wana vikundi vyao vyenye majina tofauti na kazi ileile. Na zaidi ya yote kuna mwethya, desturi ya Wakamba kukusanyika kufanya kazi ambayo mtu mmoja hawezi: kujenga nyumba, kuchimba matuta, siku hizi kuzuia mto.

Kuzuia mto maana yake ni bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kuvuka mkondo hadi kwenye mwamba. Mafuriko yakija huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani yake miezi mingi baada ya mvua, salama dhidi ya jua na mbu. Machakos, Makueni na Kitui zina mabwawa ya namna hiyo kwa mamia, mengi yakiwa yamejengwa na vikundi vya wanakijiji, wanawake wakiwa wengi, kila mmoja akibeba mawe na mchanga wake. Nimeona kikundi kikianza kazi kwa sala fupi kabisa. Mzee alivua kofia, akasema maneno machache, akaivaa tena, watu wakashika karai.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee wa makanisa ya barabara hii, kutoka Emali hadi Mtito Andei, na kwa wale waliohamia Nairobi ambao hutumiwa kadi za harambee kila Desemba. Mkikaa kupanga bajeti ya mwaka, kabla ya kupitisha spika mpya na viti vya plastiki, ulizeni mto ulio karibu na kanisa una kuta ngapi. Mawe yapo, mchanga upo, watu wa mwethya wapo. Kinachonunuliwa ni saruji na chuma tu.